Karatasi za Nyumba: Maswali ya Anayenunua na Anayeweka Rehani Kindu na Kailo

*Mhadhara uliotolewa mjini Kindu mwaka 2023 mbele ya viongozi wa mitaa, walimu na wanafunzi wa sheria*



Niliombwa nizungumze juu ya maswali ya sheria yanayomkabili mtu anayenunua nyumba, au anayetaka kuiweka rehani ili apate mkopo. Sitawasomea kitabu cha sheria kuanzia ukurasa wa kwanza. Vijana wa kitivo cha sheria walioketi nyuma wanacho, na nyinyi wengine usingizi ungewachukua kabla ya ibara ya kumi. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba katika nchi yetu ya Kongo kununua nyumba kuna hatua mbili. Ya kwanza inawafunga muuzaji na mnunuzi. Ya pili ndiyo inayomfunga kila mtu mwingine: jirani, ndugu wa muuzaji, mnunuzi wa baadaye, hata Serikali yenyewe. Kesi nyingi za parseli, yaani viwanja, zinatoka kwa watu waliomaliza hatua ya kwanza, wakanywa, wakapiga picha mbele ya mlango, wakaona mambo yamekwisha.

1. Udongo si wa muuzaji

Sheria inayotawala mali zisizohamishika ni ile ya tarehe 20 Julai 1973, nambari 73-021, iliyorekebishwa mwezi Julai 1980. Ibara yake ya 53 inasema wazi: ardhi ni mali ya Serikali peke yake, haiuzwi, na haiitoki kwa sababu mtu ameikalia miaka mingi. Njia hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1966 na Sheria ya Bakajika, iliyotaka kuirudishia nchi ardhi ambayo wakoloni walikuwa wameyagawia makampuni. Hapa katika jimbo letu la Maniema hatuhitaji kuelezwa sana. Kampuni ya reli, CFL, ilipewa ardhi na madini kwa mapana ya kutisha kama malipo ya kujenga reli, na wazee waliokuwa hapa kabla ya reli hawakuulizwa kitu.

Basi unaponunua nyumba katika komini ya Mikelenge, unanunua nini? Unanunua matofali, mabati, milango, choo, mwembe ulio uani. Hivyo vyote ni vya muuzaji na anaweza kuvitoa. Pamoja navyo unachukua haki ya kuutumia udongo ulio chini yake, haki ambayo Serikali ilimpa muuzaji. Haki hiyo inaitwa konsesheni, nayo ni ya aina mbili. Konsesheni ya kudumu hupewa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo. Konsesheni ya kawaida ina muda, hadi miaka 25 inayoweza kurudiwa, na ndiyo inayobaki kwa wageni na kwa makampuni. Kabla ya kufika huko, anayeomba kiwanja kipya huanza kwa mkataba wa kupanga na Serikali usiozidi miaka 3. Kuanzia siku ya mkataba anapaswa kukikalia kiwanja katika miezi 6 na kuanza kukiendeleza katika miezi 18. Kwa hiyo mtu akikuuzia uwanja wenye nyasi na kibao kilichoandikwa jina lake, muulize mkataba wake ni wa mwaka gani.

Nafungua mabano hapa kwa ajili ya ndugu zetu walioko Ulaya. Familia nyingi hapa zinajenga kwa fedha zinazotumwa na mtoto aliyeko Bruxelles au Paris. Uraia wa Kongo, kwa Katiba ya 2006, ibara ya 10, ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Mtoto aliyechukua uraia wa Ubelgiji, mbele ya sheria ya ardhi ni mgeni. Konsesheni ya kudumu haimhusu tena, ataomba ya kawaida. Najua watu wanazunguka jambo hili kwa kuandika jina la mdogo wake aliyebaki nyumbani. Sheria itamwona mdogo huyo ndiye mwenye nyumba, na kaka atabaki na stakabadhi za kutuma fedha. Afadhali mlijadili mezani kabla ya kununua saruji.

2. Karatasi zote hazina nguvu moja

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Fungueni sanduku la familia yoyote ya komini ya Kasuku, mtakuta mambo haya. Kuna karatasi ya mauzo, mara nyingi imetolewa katika daftari la mtoto wa shule: “Mimi fulani nimemuuzia fulani nyumba yangu ya vyumba vitatu,” bei kwa dola, mashahidi wanne, wawili wa kila upande, na muhuri wa shefu wa avenyu. Kuna fishi ya parseli iliyotolewa na komini. Kwa wazee kuna livreti ya lojeri, kile kijitabu cha enzi ya Wabelgiji walichopewa wakazi wa mitaa ya Waafrika. Pengine kuna mkataba wa kupanga na Serikali, muda wake ulikwisha zamani. Na mara mojamoja, ikiwa imefungwa kwa plastiki, kuna sertifika ya usajili yenye sahihi ya konservateri wa hati za ardhi.

Karatasi hizo zote ni nzuri kutunza, lakini moja tu ndiyo hati. Ibara ya 219 ya sheria ya 1973 inasema kwamba haki ya kutumia kiwanja inathibitishwa kisheria kwa sertifika ya usajili peke yake, na kwamba hata umiliki wa nyumba iliyojengwa juu yake unathibitishwa kwa kuandikwa katika sertifika hiyo. Fishi ya parseli inaonyesha kwamba komini inakujua unakaa hapo. Itakusaidia katika sensa, katika kodi, na mbele ya hakimu kama dalili. Muhuri wa shefu wa avenyu unathibitisha kwamba aliona watu wakikubaliana. Hakuna sheria iliyowapa shefu wa avenyu au bugumesta wa komini uwezo wa kugawa haki ya ardhi. Mabugumesta mlioko hapa mnanitazama kwa jicho kali, lakini ndivyo ilivyo.

Mtu ataniuliza: je, ile karatasi ya daftari ni bure? La. Kwa kanuni ya mikataba ya 1888, ambayo bado tunaitumia, mauzo yanatimia kati ya wawili mara wanapokubaliana juu ya kitu na bei. Muuzaji hawezi kugeuka kesho akasema hakuuza. Lakini mpaka konservateri ahamishe jina katika kitabu chake, kwa watu wengine wote bado mwenye haki ni yule yule wa zamani. Hiyo ndiyo hatua ya pili niliyoitaja.

Tuseme baba mmoja ameuza nyumba yake mwezi wa tatu kwa mwalimu, kwa karatasi ya daftari na mashahidi wanne. Mwezi wa saba, amebanwa na deni, anamuuzia mfanyabiashara nyumba hiyo hiyo. Mfanyabiashara anaenda siku ya pili kwa konservateri, analipa ada, anapata sertifika kwa jina lake. Mwalimu alinunua kwanza, alilipa kwanza, analala ndani. Atashitaki, na muuzaji anaweza kufungwa, kwa maana kuuza mara mbili au kuuza kisicho chako ni kosa la stelionati katika ibara ya 96 ya kanuni ya adhabu. Fedha huenda zikarudi, kama muuzaji bado anazo. Lakini ibara ya 227 ya sheria ya ardhi inasema haki iliyoandikwa katika sertifika haishambuliki. Aliyenyang’anywa haki yake kwa kosa au kwa hila amepewa miaka 2 tu ya kudai irudishwe, na baada ya hapo kinachobaki ni kudai fidia. Miaka 2, ndugu zangu, ni muda ambao watu wengi hapa wanautumia kusubiri wazee wa familia wakutane.

Kwa hiyo mpango wangu kwa anayenunua ni huu. Kabla ya fedha kutoka mfukoni, nenda ofisi ya konservateri na nambari ya parseli, uombe kuambiwa kitabu kinasema nini: jina la nani, konsesheni ya aina gani, kuna rehani au kizuizi chochote. Kisha nenda na mtu wa kadasta, ofisi ya upimaji ardhi, uwanjani akapime. Ukuta wa jirani huwa unatembea usiku. Mkiandikiana, andikianeni mbele ya konservateri mwenyewe, ambaye kwa mambo ya nyumba na ardhi ana kazi ya noteri, au mbele ya noteri. Muuzaji atoe sertifika yake ya zamani ifutwe, nawe upewe mpya. Ada zinapangwa kwa amri za mawaziri na hubadilika, basi ulizeni bei ofisini, wala msimwulize komisioneri, yaani dalali wa nyumba. Na dai risiti ya hazina kwa kila faranga.

Komisioneri nawaheshimu, wanajua kila nyumba inayouzwa kutoka bandari hadi uwanja wa ndege. Lakini kazi yao ni kuwakutanisha watu. Komisioneri anayekuhimiza ulipe leo jioni kwa sababu kuna mwingine anakuja kesho asubuhi, mwache huyo wa kesho alipe.

3. Nani anatia sahihi

Swali la tatu naliulizwa hasa na wanaume, kwa sauti ya chini, mlangoni mwa ofisi yangu ya uwakili: “Maître, nyumba niliijenga mimi, je, ni lazima mama asaini?”

Ni lazima. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, ibara ya 499, inataka makubaliano ya mume na mke ili kuhamisha konsesheni au nyumba yao, au kuiweka rehani, haijalishi wamechagua mpango gani wa mali katika ndoa. Na wale ambao hawakuchagua kitu mbele ya ofisa wa serikali, ambao ndio wengi, sheria imewaweka katika mpango wa kuchanganya mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Tofali la kwanza likiwekwa baada ya harusi, ni la wawili. Mnunuzi anayepokea sahihi ya mume peke yake amenunua nyumba yenye kesi ndani.

Kuna la upande wa pili ambalo mama wa soko walioketi hapa walijue vizuri. Zamani Kanuni hiyo ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa kila tendo la kisheria. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016, sheria nambari 16/008, yaliondoa jambo hilo. Mwanamke aliyeolewa anaweza kununua parseli kwa jina lake na kusimama mahakamani bila barua ya mume. Ofisa yeyote anayemdai barua hiyo leo anamdai kitu ambacho sheria haikijui. (Makofi yalikuwa ya upande mmoja tu wa ukumbi. Nayasajili hivyo hivyo.)

Na marehemu je? Nyumba nyingi zinazouzwa Kindu bado ziko kwa jina la baba aliyekufa. Anatokea mtoto wa kwanza, ana fishi mkononi, anasema yeye ndiye mkubwa. Sheria inampa mkubwa, akikubaliwa, kazi ya kusimamia ugawaji, haimpi nyumba. Kwanza inatolewa nusu ya mjane katika mali walizochuma pamoja, kwa maana hiyo si urithi, ni yake. Katika kinachobaki, watoto wote wa marehemu, wa kike kwa wa kiume, wa ndani ya ndoa na wa nje waliotambuliwa akiwa hai, wanachukua robo tatu kwa usawa. Robo inabaki kwa mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Shemeji anayekuja na kufuli siku ya tatu ya matanga anavunja sheria, hata kama ana baraka za ukoo mzima. Na ili kitabu cha konservateri kigeuke, warithi wanahitaji amri ya mahakama inayowatambua. Mnunuzi, usilipe kabla hujaiona amri hiyo na sahihi za warithi wote, au za mwakilishi waliyempa mamlaka kwa maandishi.

4. Pale mji unapoingia kijijini

Sasa nazungumza na watu wa Teritwari ya Kailo. Mji wa Kindu unapanuka, pande zote mbili za Lualaba, na unapanukia katika ardhi ambazo mashefu wa Wasongola na wa Bangengele wamekuwa wakizigawa tangu mababu. Mtumishi wa serikali anakwenda kwa shefu na mbuzi, vitenge, na siku hizi bahasha ya dola. Anaonyeshwa mipaka kwa miti na kijito. Anarudi na karatasi. Je, amenunua?

Sheria ya 1973 ilifanya jambo la ajabu hapa. Ibara za 387 na 388 zilisema ardhi zinazokaliwa na jumuiya za kienyeji, kwa makazi, mashamba na uwindaji wao, zimekuwa ardhi za Serikali. Ibara ya 389 ikaongeza kwamba haki za jumuiya hizo zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Amri hiyo haijatoka mpaka leo, miaka 50 sasa. Matokeo yake shefu hana uwezo wa kuuza, lakini watu wake hawawezi kufukuzwa kama wavamizi, na katikati yao kuna wingu ambalo kila mwenye fedha hulitumia anavyotaka.

Maoni yangu ni kwamba shefu ni shahidi mkubwa, tena shahidi asiyeweza kuachwa. Sheria yenyewe inamtaka. Kabla ya kutoa konsesheni ya ardhi ya vijijini, kuanzia ibara ya 193, panatakiwa uchunguzi wa mahali: ofisa aende kwa miguu, aangalie mipaka, aandike ni nani wanalima na wanapitia wapi, asikilize malalamiko ya wenyeji. Karatasi ya shefu iwe mwanzo wa uchunguzi huo, isiwe mwisho wa safari. Mnunuzi aliyepata baraka ya shefu aende nayo kadasta. Na mashefu, kwa ruhusa yenu naomba kusema hili: mkigawa shamba la kabila kwa mtu wa mjini, andikeni katika kitabu cha sekta, nyote mkiwepo, wanawake wanaolima pale wakiwepo. Nimeona karatasi mbili za kipande kimoja, zenye muhuri mmoja, tarehe tofauti. Wanaoteseka ni wajukuu wa pande zote.

Katika Kailo kuna jambo la nyongeza: kasiteriti na wolframu. Konsesheni ya ardhi haikupi madini yaliyo chini yake. Hayo yana kanuni yake, ya 2002 iliyorekebishwa 2018, na hati zake zinatolewa na ofisi nyingine kabisa. Mtu anaweza kuwa na sertifika safi ya parseli na mwingine akawa na hati ya madini juu ya eneo lile lile. Anayenunua karibu na machimbo aulize katika ofisi zote mbili.

5. Rehani, na ile isiyo rehani

Mikopo ya benki ya kujengea nyumba ni michache kwetu, kwa hiyo nitapita haraka katika sheria na kukaa katika desturi.

Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, na Sheria ya Pamoja ya Dhamana ya 2010 ndiyo inayotawala rehani. Kinachoweza kuwekwa rehani ni nyumba au haki iliyosajiliwa. Kwa hiyo asiye na sertifika hana cha kumpa benki. Rehani inaandikwa kwa hati rasmi, kwa kiasi cha fedha kinachotajwa, na inaingizwa katika kitabu cha konservateri. Mke na mume wote wawili wanasaini, kama nilivyosema. Ukishindwa kulipa, mkopeshaji hawezi kuamka asubuhi akasema nyumba ni yake. Sheria hiyo inakataa kwamba makazi makuu ya mdaiwa yageuzwe moja kwa moja kuwa mali ya mdai. Anapaswa kufuata njia ya mahakama na mnada, na kinachozidi deni kinarudi kwako.

Anayetaka kukopa tena juu ya nyumba ile ile, au kuhamisha deni kwa mkopeshaji mwenye riba nafuu, ajue mambo mawili. Rehani ya pili inasimama nyuma ya ya kwanza, na mkopeshaji wa pili atataka kujua foleni ni ndefu kiasi gani. Na deni likiisha, kitabu hakijui. Lazima mkopeshaji akupe kwa maandishi idhini ya kuondoa rehani, nawe uipeleke ifutwe. Watu wanalipa mpaka senti ya mwisho, wanasahau karatasi hiyo, na baada ya miaka kumi mtoto anataka kuuza anakuta nyumba bado imefungwa.

Lakini rehani ninayokutana nayo zaidi ni ile ya Banki Lamberi. Mnacheka, kwa hiyo mnaijua. Si benki, ni mtu wa mtaani mwenye fedha. Unachukua dola mia tano kwa ada za shule, unarudisha mia saba mwezi ujao, na unamwachia fishi ya parseli. Wengine wanafanya vibaya zaidi: wanasaini karatasi ya mauzo isiyo na tarehe, “kwa usalama tu.” Siku ukichelewa, Lamberi anaandika tarehe na anakuja na mnunuzi. Kumwachia mtu karatasi yako si kumwekea rehani. Hana haki juu ya nyumba kwa sababu tu anashika fishi. Lakini karatasi ya mauzo uliyoisaini mwenyewe itahitaji ushahidi mwingi kuiangusha. Ukilazimika kukopa kwake, andikeni kwamba ni mkopo, kiasi gani, wa lini, na mashahidi wasikie neno “mkopo.” Asiyekubali kuandika hivyo amekuonyesha anachotafuta.

Mabibi na mabwana, saa yangu imekwisha. Tume ya kitaifa ya kurekebisha mambo ya ardhi iliundwa mwaka 2013, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha sera ya ardhi ya taifa. Sheria ya 1973 inatarajiwa kubadilishwa. Wabunge wetu watapita hapa kutafuta kura. Waulizeni juu ya ile amri ya ibara ya 389, na kama kitabu cha ardhi cha sekta kitatambuliwa, na kama mwanamke wa Kailo anayelima shamba la mumewe ataandikwa humo. Wakati tunasubiri, vijana wa kitivo cha sheria wamekubali kukaa hapa baada ya maswali na kuwasomea karatasi zenu mlizokuja nazo, bila malipo, na kuwaambia kila moja ina nguvu gani. Tuanze na mama wa safu ya tatu. Ameinua mkono tangu nilipotaja Lamberi.